Aliyesokota Aning'inie Kwanza

Nakumbuka siku moja mikono yangu ilinuka matope ya pwani, nikaiosha kwa sabuni, nikaiosha kwa ndimu, nikaipaka mafuta ya nazi, na harufu haikutoka. Leo nimekuwa mtu mzima, mwanangu, meno yangu yamebaki ya kuhesabu, lakini nikikaa kimya kama hivi huwa naisikia tena. Si harufu mbaya. Ni harufu ya kitu kilichoamshwa kabla hakijashiba usingizi.

Umeniuliza ununue kamba gani, na ngoe, ile kulabu ya kurushia kamba mtini, ya namna gani, maana msimu huu unataka kupanda mikarafuu ya ami yako uchume karafuu. Nitakujibu. Lakini kamba haielezwi kwa urefu na unene peke yake. Kila kamba ina mkono ulioisokota, na ukitaka kujua kama itakubeba, anza kwa kuujua mkono huo. Kwa hiyo vumilia, kaa vizuri, nikusimulie habari za mkono wangu mwenyewe.

Mimi nilizaliwa mjini, Mkunazini, kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa nyumba mbili. Baba yangu alikuwa mshona kofia. Kamba pekee niliyoijua ilikuwa ya kuanikia nguo darini. Katika miaka ile ya hamsini nikaozwa Mkokotoni, kwa kijana aitwaye Vuai, mpanda mikarafuu. Nilikuwa na miaka kumi na minane na mikono laini, na siku niliyofika, wifi yangu Kazija aliishika mikono hiyo akaigeuza mbele ya wanawake wote.

"Jamani, tazameni," akasema. "Kaka kaoa lozi iliyomenywa."

Wakacheka. Nami nikacheka nao, maana bibi harusi hana lingine la kufanya. Lakini maneno yale yaliniingia, yakakaa.

Sasa sikiliza desturi ya watu wa kule, kwani ndiyo mzizi wa hadithi yangu. Kamba ya mpandaji husokotwa na mkewe. Asiye na mke husokotewa na mama yake. Na kabla kamba mpya haijapanda mti wowote, yule aliyeisokota huning'inia kwanza. Kamba hutundikwa tawi la chini, mwanamke akajifunga kanga yake vizuri, akashika kwa mikono miwili, akainua miguu, akabembea mara tatu. Ikimshika, mumewe anaichukua. Mwenye mimba hasamehewi jingine lolote katika kazi za nyumba, lakini kuning'inia husamehewa.

Mama mkwe wangu, Bi Mize, alikuwa mjane. Alikuwa mwembamba kama mwiko, na hakuna mtu pwani ile aliyesokota kamba kama yake. Vuai alipanda kwa kamba za mama yake tangu ana ndevu tatu. Ya mwisho ilitundikwa ukutani chumbani, juu ya kichwa cha kitanda chetu, na kila nilipofumbua macho asubuhi niliiona kabla sijamwona mume wangu.

Wiki ya pili ya ndoa, Bi Mize alinichukua pwani maji yalipokupwa. Akanionyesha mashimo kwenye matope, kila shimo na kijiti chake, kila kijiti na mwenyewe. Tukachimba shimo langu, tukayapanga makumbi ya nazi, yale maganda ya nje, tukayafunika kwa matope na mawe.

"Sasa yanalala," akasema. "Miezi sita, na saba ni bora. Maji yaje, maji yatoke. Ile nyama ya kumbi inaoza taratibu, unabaki usumba mtupu, nyuzi safi za rangi ya dhahabu. Ukiyaamsha mapema, nyama ingali imeng'ang'ania. Nyuzi zinakuwa fupi, kavu, zinakatika kama kucha."

"Na karafuu zikiwahi, Mama?"

"Zikiwahi, Vuai atapanda kwa kamba yangu. Ina msimu mmoja tu, nzima kabisa. Yako ni ya msimu ujao. Una haraka ya nini? Mume si ngoma, hatapita njia."

Mwanangu, kama hapo ningetulia, hadithi ingekwisha. Lakini usimlaumu sana msichana yule wa miaka kumi na minane. Mume wangu alikuwa mpole, na nilikuwa nimeanza kumpenda kuliko nilivyotarajia.

Kwa mfano, siku aliyonifundisha habari ya ngoe. Hakuna mume kule aliyemfundisha mkewe ngoe, hiyo ilikuwa kazi ya wanaume, lakini mimi niliuliza na yeye hakunicheka. Alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye mipera, akazunguka kila mti akizitazama panda zake kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Mpera," akasema, "kwa sababu unapinda kabla ya kuvunjika, na ukitaka kuvunjika unalia kwanza. Chuma hakilii. Wako wanaopeleka ngoe ya chuma kwa mhunzi, inang'aa, lakini mkarafuu ni mti wa tabu, tawi lake jepesi. Chuma kinauma gamba, kinachimba, na wewe huku chini unaona kimeshika vizuri. Kumbe kinalikata tawi unaloliamini."

Akachagua panda iliyojikunja kama kidole gumba unachokifumba nusu. Akaikata ingali mbichi, akaitundika juu ya mafiga ikaukie kwenye moshi, maana jua hupasua. Baada ya wiki tatu akaichonga pua yake ikawa butu, akaikata shingoni mfuo mdogo wa kukaa kamba isiteleze. Kisha akanipa niirushe.

"Kamba ishike mkono wa kushoto, uikunje kwa mizunguko mikubwa, usiibane. Ngoe irushe kutoka chini, si juu ya bega, unarusha jiwe wewe? Ipite ile panda ya mti unayoitaka. Ipite, halafu uivute irudi pole pole mpaka ikae. Usiilenge panda yenyewe, utaigonga ikurudie usoni."

Nilirusha, ikaniangukia mguuni. Nikarusha, ikamtisha kuku. Mara ya tano ikashika, na nilipiga kigelegele peke yangu hata Kazija akatoka jikoni kutazama kumeingia nini. Vuai alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja: kwamba mume wangu atakapokuwa juu ya mti, kitu kitakachomshika kiwe changu. Nilitaka kuitoa ile kamba ukutani.

Basi karafuu zikawahi. Makumbi yangu yalikuwa na miezi mitatu tu. Wanawake walianza kutoa kamba zao mpya, wakining'inia mitini uani kwa vicheko na vijembe, na kila nilipopita niliulizwa, "Bibi harusi wa mjini, ya kwako iko wapi?" Kazija akajibu kwa niaba yangu: "Ya kwake anaisuka kwa uzi wa kofia."

Juma lile lile kukatokea msiba kisiwani Tumbatu, na Bi Mize akavuka kwenda kukaa siku tatu. Alipoondoka, maji yalipokupwa, nilikwenda pwani peke yangu. Nikakiong'oa kijiti changu. Nikafukua.

Nilijua, mwanangu. Usidhani sikujua. Nilipoyaponda yale makumbi, nyuzi zilitoka nyekundu nyekundu, ngumu, zimegandana na maganda yake, na kiganja changu cha lozi kikatoka damu. Mtu mwenye akili angeyarudisha siku ile ile. Mimi niliingia chumbani kwa mama mkwe wangu, nikafunua kikapu chake cha usumba uliokwisha kuchambuliwa, nikachukua. Haukutosha kamba nzima. Ulitosha kuvika. Nikasokota ule mbovu ndani, nikauvika ule mzuri nje, siku mbili mchana kutwa, na nilipomaliza ilikuwa kamba nzuri kuliko zote nilizoziona pwani ile. Ilikuwa ya dhahabu toka ncha hadi ncha. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walikuwa wameiona kamba yangu kabla mimi sijazaliwa.

Vuai aliporudi alasiri nikampa. Aliishika, akaipitisha mkononi polepole, akaniangalia.

"Umeifanya lini hii?"

"Wakati umelala."

"Kumbe nimeoa jini!" Akaifunga kwenye ile ngoe ya mpera, akaenda uani, akairusha tawi la chini la mfenesi, ikakaa mara moja. Uso wake ulikuwa unacheka wote. "Haya, Bi Rukia. Njoo uning'inie, Kazija akuone afunge mdomo."

Hapo miguu yangu ikakataa. Nilisimama mlangoni. Niliogopa itakatika mbele ya wifi yangu. Ona upumbavu wa aibu, mwanangu! Niliogopa kuanguka mimi kutoka urefu wa shubiri moja, sikumwogopea yeye kutoka urefu wa minazi miwili. Nikaweka mkono tumboni.

"Leo sijiwezi," nikasema.

Ni maneno hayo tu. Lakini yeye aliutazama mkono wangu, ulivyokaa, na uso wake ukabadilika. Kicheko kikatoka, kikaja kitu kingine, laini, cha kuogopa kuguswa. Akaitoa ngoe kwenye tawi taratibu, kana kwamba hataki kufanya kelele.

"Basi," akasema. "Basi, usining'inie. Kaa. Kakae."

Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Nilikwenda kukaa. Uongo mwingine hausemwi, unaachwa tu ukapita mlangoni, nawe unafunga nyuma yake.

Asubuhi aliondoka mapema na kamba yangu begani, akiimba. Ile ya mama yake aliiacha ukutani. Nilikuwa nafagia uani nilipomwona Bi Mize anakuja kutoka upande wa pwani, amewahi mashua ya kwanza. Mkononi ameshika kipande cha kumbi chenye matope.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Rukia, nani kaniamshia mtoto hajashiba usingizi?"

Fagio likanidondoka.

"Kamba iko wapi?"

"Kaenda nayo."

"Umening'inia?"

Nikainama kuliokota fagio.

"Nakuuliza mara ya pili, na ya tatu sikuulizi."

"Sikuning'inia, Mama. Nlimwambia sijiwezi."

Akalitazama tumbo langu kama anavyotazama usumba, bila hasira, kwa kutaka kujua tu. "Una mimba?"

"Sina."

Aliingia chumbani mwake, nikamsikia anafunua kikapu, anakifunika. Akatoka ameshajifunga kanga kiunoni. "Vaa viatu," akasema. "Au usivae. Twende."

Mwendo wa kwenda mashamba ni saa nzima kwa mtu anayetembea. Yule bibi hakutembea. Alikwenda kwa hatua fupi za haraka, nami nyuma yake nimebeba roho yangu mkononi. Njiani nilijaribu kujifariji. Mpandaji huanza na matawi ya ndani, ameegemea shina, kamba inamsindikiza tu. Ni mwishoni, akishamaliza ya ndani, ndipo hujitupa nje kwenye vitawi vyembamba vyenye karafuu nyingi, uzito wake wote kwenye kamba. Nikawa naomba: Mola wangu, matawi ya ndani yawe mengi. Yawe mengi leo, mwaka huu, mti huu.

Tulifika, na harufu ya karafuu mbichi imejaa hewani hata ukimeza mate unaionja. Wanawake wanachuma matawi ya chini, Kazija kati yao. Na juu, juu sana, niliona nyayo mbili nyeupe za mume wangu zimekanyaga tawi, na kamba yangu ya dhahabu inashuka kutoka kwenye ngoe. Alikuwa anaifunga kiunoni. Amemaliza ya ndani.

Nikafungua kinywa nipige kelele. Kiganja cha Bi Mize kikanifunika kinywa, kigumu, kinanuka chumvi.

"Aliye juu haitwi jina," akaninong'oneza. "Ukimwita ataitika naam, na ataitika kwa mwili mzima. Atageuka, na atageukia kamba."

Akanisogeza mpaka kwenye shina. Akalipiga kwa kiganja, polepole, mara tatu, kama unavyompiga mtoto mgongoni alale. Ndiyo ishara yao wapandaji. Mti unaipeleka habari juu, na mwenye kuisikia hulikumbatia shina kwanza, ndipo aulize. Nikaziona zile nyayo zinarudi nyuma. Nikauona mkono wake unazunguka mti.

"Nani chini?" ikaja sauti yake.

Bi Mize akaniangalia. "Mkono wangu umefika," akasema. "Ulimi ni wako."

Wanawake walikuwa wameacha kuchuma. Kazija ameshika pakacha lake hewani. Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimekaa kwenye mabaraza ya watu wazima nikahojiwa, lakini sijapata kusema maneno mazito kama yale.

"Ni mie, mkeo," nikasema, nikilisemea shina, maana sikuweza kutazama juu. "Usiegemee kamba. Ndani mbovu. Makumbi niliyafukua hayajafika. Nje nimeivika usumba wa Mama."

Karafuu tatu nne zikadondoka, zikanipiga begani. Nikazihesabu, sikuwa na la kufanya.

"Basi nashuka kwa mti," akasema.

Akashuka amelishika shina kwa mikono na magoti, polepole, kama mtoto anayeshuka mgongoni mwa mama yake. Na mimi nilisubiri pale chini kila shubiri ya mti ule, na hakuna mwaka wa maisha yangu uliokuwa mrefu kuliko shina lile.

Alipokanyaga ardhi akaitua chini kamba na ngoe yake. Bi Mize akaivuta ile ngoe, akairusha yeye mwenyewe kwenye tawi nene la chini, mrusho mmoja tu. Akanipa ncha ya kamba.

"Haya. Malizia kazi yako."

Nikajifunga kanga. Nikashika, nikainua miguu. Nikabembea mara moja, ikashika. Mara ya pili nikasikia kama mtu anatafuna nazi kavu, kru, kru. Mara ya tatu sikuimaliza. Nilijikuta nimekaa kwenye majani makavu, nimeshika kipande cha dhahabu mkononi, na kiwiko kinawaka moto.

"Aliye juu mngoje chini!" Kazija akasema, na wanawake wakaangua kicheko. Lakini kicheko kile hakikudumu. Mmoja mmoja waliinua macho, wakaitazama ile panda ya juu alikokuwa Vuai, wakatazama chini nilipokaa. Kazija aliweka pakacha chini. Akaja, akanipangusa majani mgongoni.

Vuai aliokota ile ncha iliyokatika. Nje njano, ndani nyekundu. Akaigeuza geuza. Halafu akachuchumaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ambayo wengine wasiisikie:

"Na lile jambo la jana?"

Nikatikisa kichwa.

Akaiweka chini ile ncha ya kamba. "Nshamchagulia jina," akasema. "Njia nzima leo asubuhi, nlikuwa namchagulia jina."

Ningalipigwa, ingaliniuma kidogo kuliko hayo. Kamba hukatika pabovu, mwanangu, na mimi nilidhani pabovu pangu ni kwenye makumbi. Palikuwa hapo. Nililia pale chini ya mkarafuu, bila kujificha, na yule mtu, ambaye nilikuwa karibu kumuua kwa sababu ya mapenzi na majivuno, alinishika mkono ule usioumia, akaninyanyua.

"Atakuja siku zake zikifika," akasema. "Twende nyumbani ukandwe."

Alasiri ile Bi Mize alinikanda kiwiko kwa maji ya chumvi. Nilingoja karipio. Alikanda mpaka maji yakapoa, ndipo akasema:

"Siku ya kwanza kuingia nyumba hii, nlikuona unaitazama kamba yangu ukutani kama unamtazama mke mwenza."

Sikujua nilie au nicheke. Nikafanya yote mawili.

"Mimi nikiwa kijana kama wewe nilikuwa namtazama hivyo hivyo mama yake mume wangu. Hilo silo kosa. Lakini sikiliza. Unadhani tunaning'inia kuipima kamba? Kamba mbona naijua nikiishika gizani. Tunaning'inia ili siku zote unaposokota, uzi mmoja mbaya ukikupitia mkononi, ukumbuke roho iliyo mwisho wa kamba si ya mtu mwingine, ni yako. Ukisokotea roho ya mwingine utapunja kidogo, mwanadamu ndivyo alivyo. Ukisokotea yako hupunji." Akaufunga mkono wangu kitambaa. "Na ule usumba wangu, ulichukua viganja vingapi?"

"Vingi, Mama."

"Utanipondea."

"Nitakupondea."

"Na mficha uchi hazai. Ukikwama, sema. Kusema unaona haya siku moja. Kuficha unaona haya kila siku."

Kesho yake, maji yalipokupwa, tulikwenda mimi na yeye tukayarudisha makumbi yaliyosalia kwenye shimo. Nikamuuliza kama yatalala tena, yaliyokwisha kuamshwa. Akasema, "Tuyalaze tuone." Tukachomeka kijiti. Msimu ule Vuai alipanda kwa kamba ya mama yake, na mimi kila asubuhi niliitoa ukutani kwa mikono yangu, nikaikagua msokoto kwa msokoto, nikampa.

Mwaka ukapita na zaidi. Nilipofukua tena, usumba ulitoka wenyewe kama nywele za mtoto aliyeogeshwa. Nikaponda, nikachambua, nikasokota, ndani na nje kitu kimoja. Nilipomaliza, Vuai akairusha ngoe kwenye tawi lile lile la mfenesi, wanawake wakajaa uani, Kazija mbele yao. Nikajifunga kanga niende. Bi Mize akanishika bega.

"Wewe kaa," akasema kwa sauti kubwa. "Safari hii kweli hujiwezi."

Maana ilikuwa kweli, mwanangu. Tumbo langu lilikuwa la miezi mitano, na hapakuwa na haja ya kuliwekea mkono.

"Sasa nani ataning'inia?" Kazija akauliza.

Yule bibi akakaza kanga yake. Akatema mate viganjani. Akaishika kamba yangu, akainua ile miguu yake myembamba, akabembea. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Halafu akakataa kushuka. Akabembea ya nne, ya tano, kitambaa kikamtoka kichwani, mvi zake zikapepea, na Vuai anamwambia, "Mama, yatosha, Mama!" na yeye anacheka kama msichana.

"Niacheni!" akasema. "Nyie mna miaka mingi mbele yenu ya kubembea. Mimi huenda hii ndiyo ya mwisho. Na inashika! Jamani, inashika!"

Mtoto alizaliwa msimu ulipokwisha. Alipewa lile jina ambalo baba yake alilichagua njiani asubuhi ile. Lilikuwa limemngoja.

Sasa, mwanangu, nikujibu ulichoniuliza. Ngoe ichague ya mpera, iliyokauka kwa moshi, pua yake butu. Usiichukue inayong'aa. Irushe ipite panda, uivute irudi, na kabla hujainua mguu ivute mara tatu ukiwa chini, usikilize. Kamba usiinunue kwa macho. Ifumue kidogo kwenye ncha, uangalie ndani, kama ndani na nje ni rangi moja. Hata hizi za madukani za leo, fumua. Muuzaji akikukatalia kufumua, mwachie. Muulize aliyeisokota kama angeweza kuning'inia. Na ukiwa juu ukasikia shina linapigwa, kumbatia mti kwanza, uliza baadaye.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliye chini, na mtu unayempenda yuko juu amebebwa na kitu ulichokitengeneza wewe, kiwe kamba, kiwe ahadi, kiwe neno ulilomwambia, usimvike nje kuzuri ukamfichia ndani. Kama umekosea, nenda ukaseme kabla hajamaliza matawi ya ndani. Sema hata mbele ya watu. Aibu ni urefu wa shubiri moja tu, nimeanguka kutoka hapo, ninaujua. Na lolote ulilolizika likomae, liache lishibe usingizi wake.

Mungu akupe mikono isiyokuwa na haraka, mwanangu. Akupe panda inayokaa, na mtu mkweli kwenye shina lako. Ulichokilaza ukiamshe siku yake ikifika, na kila utakapopanda, ushuke. Amin.